Raha ya mbalamwezi: namna ya kula, kuoga na kulala vizuri Ujiji bila kumaliza gunia la mkaa

Mimi ni somo. Nafunda mabinti hapa Ujiji, kazi niliyoipokea kwa bibi yangu mzaa mama, na mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Ukiyaweka hayo mawili pamoja utaelewa kwa nini siwezi kuzungumzia raha ya mwili bila kulitaja ziwa letu, Tanganyika.

Wake wa wavuvi wa vipe, yaani mitumbwi ya kuvulia dagaa kwa taa, tuna kalenda yetu. Usiku wa giza mume yuko majini na taa zake, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga. Mwezi ukikaribia kujaa ziwa lote linang'aa, taa ya mvuvi inakosa nguvu, dagaa wanatawanyika, na vipe vinapumzishwa ufukweni. Ndipo mume analala nyumbani. Siku hizo za mbalamwezi ni chache, na ukizimaliza kwa kununa unasubiri mpaka mwezi mwingine. Basi sisi raha tunaipangia tarehe.

Zamani nilikuwa naziandaa siku hizo kwa fujo. Mkaa tangu asubuhi mpaka usiku, sufuria nne zinapokezana jikoni. Losheni ya mikono, losheni ya mwili, losheni ya miguu, na ukisoma nyuma ya chupa unakuta ni kitu kilekile. Udi wa vijiti pakiti nzima mpaka macho yanatoka machozi. Soda za chupa za plastiki. Asubuhi nikifagia, taka zinajaa ndoo, na mimi mwenyewe nimechoka, nimelala usingizi wa mzigo kabla mume hajamaliza kunawa mikono.

Kilichonigeuza ni mwaka 2024. Nchi nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika, yaani sisi, Burundi, Kongo na Zambia, zilikubaliana kulipumzisha, na uvuvi ukafungwa kuanzia tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti. Miezi mitatu. Nikawa na mume tele na senti sina. Kila usiku ukawa wa mbalamwezi, lakini hela ya mbwembwe haipo. Nikaanza kupunguza: leo hiki, kesho kile. Nilichokuja kugundua ni kwamba nusu ya vitu nilivyoviacha havikuwa vinatufikia mwilini kabisa. Vilikuwa vinaishia kwenye chupa, kwenye pakiti, kwenye moshi.

Tangu hapo nina kipimo kimoja, na mabinti nawapa hichohicho. Kabla hujanunua au hujawasha, uliza: hiki kitagusa wapi? Ulimi, pua, ngozi, sikio au jicho? Kikigusa, kipe nafasi na ukifanye vizuri. Kisipogusa popote, kiache dukani. Mimi simwambii mtu aache anasa. Mwanamke aliyeacha anasa zote kwa sababu ya mazingira hachelewi kuyachukia mazingira yenyewe.

Moto kwanza

Naanza na jiko maana ndiko kunakoliwa msitu. Tanuri letu la udongo linataka kilo sita mpaka kumi za kuni ili litoe kilo moja ya mkaa. Ukibeba kopo la mkaa mkononi, fahamu kuwa nyuma yake kuna mzigo wa mti usiouona. Na kama hujui msitu ukiisha kunakuwaje, panda boti pale Kibirizi uelekee hifadhi ya Gombe ukiangalia milima. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alipofika Gombe Julai 1960, msitu ulikuwa umeendelea nje kabisa ya eneo lile. Miaka ya mwanzo ya 1990 akapita juu kwa ndege, akaona Gombe imebaki kama kisiwa cha miti katikati ya vilima vitupu. Mwaka 1994 taasisi yake ikaanza mradi wa TACARE wa kusaidia vijiji vya jirani kupanda miti na kujikimu, kwa sababu ilionekana wazi kuwa huwezi kumlinda sokwe huku mwanamke wa kijijini hana cha kupikia.

Serikali nayo ina mkakati wake wa nishati safi ya kupikia, 2024 mpaka 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwisho wake. Ni jambo jema. Mimi mtungi wa gesi ninao, lakini ukiisha mwezi mchanga unabaki pambo la jikoni mpaka hela ipatikane. Kwa hiyo nategemea kapu.

Kapu la kupikia hulitengeneza hivi. Chukua tenga au kapu pana lenye kina. Chini na pembeni jaza majani makavu ya mgomba, shindilia kwa ngumi mpaka pawe na unene wa shubiri moja. Juu yake tandika khanga kuukuu, kisha acha shimo la katikati la kukaa sufuria yako moja maalumu, ibanwe. Shona mto wa kufunikia, ujaze sufi au masweta ya mitumba yaliyokatwakatwa. Umemaliza. Halina umeme, halina betri, na panya akilipenda unabadilisha majani.

Maharage ya Kasulu yaloweke usiku. Asubuhi mwaga maji, weka mapya, chemsha yatokote sana kwa dakika kumi na tano, usidanganye. Sufuria iwe imejaa robo tatu au zaidi, kwani sufuria yenye maji kidogo hupoa haraka. Funika, hamishia kwenye kapu upesi, weka mto juu, uende zako. Baada ya saa tatu au nne yameiva. Yarudishe motoni yachemke kidogo kabla ya kula, basi.

Sombe, yaani kisamvu, ni tofauti, usikilize vizuri. Kisamvu kibichi kina sumu, nayo hutoka kwa kutwanga na kwa mvuke. Kwa hiyo kitwange kilainike, kichemshe bila mfuniko nusu saa nzima, ndipo utie mawese na kitunguu, ufunike na kukiweka kapuni. Ukiwahi kufunika kwa tamaa ya kuokoa mkaa, umejitafutia kichefuchefu.

Mara ya kwanza kutumia kapu nilishindwa. Kila nusu saa nilikuwa nafunua nichungulie, na mume wangu anasimama nyuma yangu anauliza, "Mke wangu, hayo maharage unayapika au unayaatamia?" Jioni yakatoka magumu kama shanga. Kapu halitaki kuchunguliwa. Lifunge, ukaoge.

Na hapo ndipo raha ilipo. Mwanamke aliyesimama na mkaa toka saa nane mchana anaingia chumbani ananuka moshi, miguu imevimba, kila akishikwa anasema "niache kwanza". Aliyefunga kapu saa tano asubuhi ana mchana mzima wa kusukwa nywele na kupiga usingizi. Nimewaambia mabinti wengi kwamba manukato ya kwanza ya mwanamke ni kutochoka, na wakaniona natania.

Sahani ya usiku

Usiku wenyewe usipike makubwa. Tumbo lililojaa pilau halitaki kuguswa. Mimi napika dagaa.

Dagaa wa hapa wakikaushwa kwenye chanja, juani, hakuna kuni wala barafu iliyotumika. Migebuka ya kubanika ni mitamu, sikatai, ila kila samaki wa moshi ana kijiti chake cha msitu tumboni, kwa hiyo kwangu ni wa siku maalumu. Dagaa chagua wanaong'aa kama fedha, wasiovunjikavunjika, na ukiwanusa usikie ziwa, usisikie ukungu. Waliokaushwa kwenye chanja hawana mchanga, na mchanga mmoja tu kwenye jino unaharibu maongezi yote.

Washa moto mdogo. Kaango kavu, bila mafuta. Mimina dagaa, wageuze polepole kwa mwiko wa mti. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Ya pili wanaanza kulia, sauti ndogo kama mvua ya kwanza kwenye bati. Ya tatu harufu inabadilika kutoka samaki kuwa karanga. Epua hapohapo, kwa kuwa ya nne ni uchungu. Waoshe kwa maji ya moto mara moja, chuja. Sasa mawese vijiko viwili vikubwa kwenye kaango, yakipata moto yanatoa harufu tamu nzito, tia kitunguu, nyanya, pilipili mbuzi nzima isiyotobolewa ili itoe harufu bila kuunguza, kisha dagaa na chumvi. Dakika tano. Kamulia ndimu baada ya kuepua, kamwe usikamulie motoni. Ugali wa muhogo uwe laini kuliko wa kila siku, na sahani iwe moja.

Sahani moja ni mafunzo ya bibi yangu, naye hakuwa anawaza mazingira. Alisema mkikutana vidole kwenye mchuzi mmoja, nusu ya kazi ya usiku imeisha. Mimi naongeza kwamba hata vyombo vya kuosha vinapungua.

Badala ya soda, embe kama ni msimu, au nanasi, au maji yaliyowekwa kwenye mtungi wa udongo na jani la mchaichai. Mtungi unapoza maji kwa kuvuja jasho lake mwenyewe, na yanakuwa na ladha ya mvua iliyogusa vumbi. Chupa gani ya plastiki itakupa hiyo?

Mafuta

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo maswali yanapokuwa mengi.

Kigoma tumebarikiwa michikichi. Tunda lake linatoa mafuta mawili: nyama ya nje inatoa mawese, mekundu, na kokwa ya ndani, mise, inatoa mafuta ya mise. Mawese ni ya sufuria. Mise ni ya ngozi. Usichanganye.

Nayajua hayo kwa aibu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na mwari wa kumfunda, na mafuta ya mise yalikuwa yameadimika. Nikajiambia, mti si mmoja? Nikampaka mawese mwili mzima, nikamkanda vizuri, akang'aa kama shaba. Kesho yake mama mkwe wake akanitumia mtu na shuka. Shuka jeupe la harusi, lina umbo zima la bibi harusi kwa rangi ya machungwa, mikono kwa miguu. Tulilifua kwa sabuni, kwa jua, kwa ndimu, likawa manjano na manjano likabaki. Wakwe wakanisamehe, ila mpaka leo nikipita mtaa ule kuna mtu ananiuliza bei ya mawese.

Mafuta ya mise yananunuliwa sokoni Mwanga au kwa akina mama wanaokamua wenyewe. Nenda na chupa yako ya kioo, upimiwe. Yapo meusi, ya kokwa zilizokaangwa, yenye harufu ya moshi, na yapo mepesi ya manjano. Kwa kukanda chukua mepesi. Kama harufu bado ina nguvu, yaweke kwenye bakuli ndani ya sufuria ya maji ya moto, utie mchaichai uliopondwa na maganda ya ndimu yaliyokauka. Uyaache usiku kucha, asubuhi uchuje kwa kitambaa. Majani yawe makavu au yamenyauka, kwani maji yakibaki ndani mafuta yanachacha.

Ukitaka ya kupaka midomo, visigino, viwiko na matiti ya mama anayenyonyesha, changanya na nta ya nyuki. Nta hutoka misitu ya miombo, Uvinza, Kakonko, Kibondo, na kila mfugaji nyuki mwenye mizinga msituni ana sababu ya kutotaka msitu ukatwe. Kipimo changu: nta sehemu moja, mafuta sehemu nne, kwa uzito. Yeyusha nta juu ya maji ya moto, usiiweke moja kwa moja motoni, tia mafuta, koroga, mimina kwenye kopo dogo la bati. Ikiwa ngumu ongeza mafuta, ikiwa laini ongeza nta. Mama anayenyonyesha afute kabla ya kumpa mtoto.

Kukanda: mafuta yapashwe kwa viganja vyako, usimmiminie mtu ya baridi mgongoni kama unaipaka mafuta baiskeli. Anza nyayoni. Mvuvi aliyesimama kwenye mtumbwi usiku kucha uchovu wake uko nyayoni na kiunoni. Kijiko kimoja cha chakula kinatosha mwili mzima wa mtu mzima. Ukiona shuka limelowa, umemkaanga.

Na hili naliandika wazi maana mabinti wanaona haya kuuliza: kama mnatumia kondomu za mpira, mafuta yoyote, mise, nazi, nta, hata ya dukani ya mgando, huuharibu mpira ule na kondomu inapasuka. Mafuta ni ya mgongo na miguu, basi. Kule kwingine tumieni kilainishi cha maji kinachouzwa duka la dawa, hapa nakubali plastiki yake bila kinyongo. Na ikishatumika ifungwe kwenye karatasi iende kwenye taka. Chooni na ziwani si mahali pake.

Nisije nikaonekana naiuzia Kigoma mafuta kama malaika. Kuchemsha ngazi za mchikichi, yaani mikungu ya matunda yake, kunakula kuni nyingi sana, nyingi kuliko mkaa wa nyumba yangu. Mimi nanunua kwa mama ninayemjua anayechochea tanuri lake kwa makapi ya mawese yenyewe na magamba ya mise, ambayo yanawaka vizuri. Uliza unaponunua. Swali dogo tu, "Mama, unachemshia nini?" Akiulizwa na kumi, ataanza kulifikiria.

Singo na maji

Singo ya dukani kuna inayotiwa chembe za plastiki za kusugulia. Unajisugua, unaoga, chembe zinatelemka na maji mpaka ziwani. Sasa ziwa letu si mto. Lina kina cha karibu mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na njia yake pekee ya kutokea ni Mto Lukuga upande wa Kongo. Maji mengi huondoka kwa kupaa tu na jua. Kinachoingia humu kinakaa vizazi na vizazi. Tena samaki wote wanaishi tabaka la juu, kwa sababu chini sana hakuna hewa. Kile unachokitupa kinawakuta hapohapo wanapoishi.

Singo yangu haina siri. Machicha ya kahawa ya Kalinzi, yaliyoanikwa yakakauka, vijiko vitatu. Chumvi ya Uvinza, ile ya chemchemi ambayo watu wameichemsha kwa zaidi ya miaka elfu moja, isagwe iwe laini, kijiko kimoja. Unga wa mchele kijiko kimoja. Mafuta ya mise ya kushikanisha. Sugua kwa mviringo kutoka miguuni kuelekea moyoni. Kwenye ngozi iliyonyolewa leo usipake, chumvi itakufanya ucheze ngoma isiyo yako. Uso usiuguse.

Kahawa ile tumeinywa asubuhi, usiku inatusugua, kesho machicha yake yako chini ya mgomba. Napenda kitu kinapofanya kazi tatu.

Maji ya kuoga sijayachemsha kwa mkaa tangu mwaka ule. Nina dumu jeusi la lita ishirini, nalilaza juu ya bati la banda la kuku toka saa nne asubuhi. Jua la kiangazi likilipiga, saa kumi na moja jioni maji ni ya moto wa kupendeza, kama mkono wa mtu. Kabla halijapoa naliviringisha blanketi na kuliweka ndani. Msimu wa mvua jua likikosekana natumia joto la jiko: nikiepua sufuria, makaa yanayobaki nayabandikia birika.

Ndoo moja kwa wawili inatosha kama mnaogeshana. Kata ya kifuu ni bora kuliko kopo la plastiki kwa sababu inamwaga polepole na haipigi kelele. Mmoja akae kwenye kigoda, mwingine amwagie kuanzia mabegani. Usiongee sana. Maji yakifika mgongoni utaona mtu anavuta pumzi ndefu bila kuambiwa. Ndiyo hiyo. Bomba la mvua la hoteli halijui wakati wa kusimama.

Sabuni ya mawese inatosha. Wanaoikata vipande na kuiacha ikae wiki kadhaa kabla ya kuuza wanatoa nzuri zaidi, isiyobabua. Lakini hata hiyo, tafadhali, usiogee nayo ndani ya ziwa. Ingia ziwani uogelee, ufurahi, utoke, ujisabunie ufukweni mbali na maji na ujimwagie kwa ndoo, udongo uyachuje. Najua pale Katonga watu wanaoga na kufua mlemle. Nami nimekua nikifanya hivyo.

Harufu

Watu wengi hawajui udi ni nini. Ni ugonjwa. Mti wa jamii ya Aquilaria, wa huko Asia, ukishambuliwa na ukungu unatoa utomvu wa kujikinga, na mti ule uliolowa utomvu ndio unaonukia. Mti mzima, usioumwa, haunukii. Sasa wakataji hawajui kwa nje upi umeugua, wanakata mwingi, ndiyo maana biashara yake imewekwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Msandali wa kwetu Afrika Mashariki nao uliingizwa humo mwaka 2013, kwa kuwa ulikuwa unang'olewa mpaka mizizi.

Kwa hiyo udi wa kweli mimi nautumia kama dhahabu. Kipande cha ukubwa wa kucha ya kidole kidogo, kwenye chetezo, juu ya kaa moja lililobaki jikoni. Usiutie kaa likiwa jekundu, utaungua kwa dakika moja na kutoa moshi wa kuni. Subiri livae jivu jeupe. Chumba kifungwe, nguo ya kulalia na shuka vitundikwe juu ya chetezo, robo saa, kisha toa chetezo nje na ufungue dirisha. Mtu akiingia asikutane na moshi. Akutane na harufu iliyokwisha kukaa kwenye kitambaa, asijue inatoka wapi. Vijiti vya bei rahisi vinanipa mafua, na pakiti yake ni plastiki.

Siku zisizo za udi, asumini. Nimeupanda kwenye bati la mafuta karibu na mlango wa uani. Chuma machipukizi jioni kabla hayajafunguka, yaweke kwenye bakuli chini ya mto. Yanafunguka usiku, mkiwa mmelala. Rehani pia inafaa, ila mume wangu anasema inamkumbusha mchuzi.

Kitanda

Hili ni fupi. Shuka la pamba, hata la mitumba, maana pamba iliyofuliwa miaka mingi ni laini kuliko mpya, na inanyonya jasho. Mashuka ya nailoni yenye maua makubwa yanateleza, yanatoa joto, na yanapiga kelele. Lianike juani siku hiyohiyo, lala nalo likiwa bado na harufu ya jua. Chandarua kiwe hakijatoboka, maana hakuna kinachokatisha mapenzi kama mbu wa sikioni.

Zima taa. Tunayo taa ya sola ya kipe, ile mume anayovulia, lakini ndani ya chumba ni kama kuhojiwa polisi. Fungua dirisha. Ni mbalamwezi, mwenyezi Mungu ameshawasha.

Asubuhi maji ya ndoo yaliyobaki mwagia mgomba, jivu la chetezo tia kwenye shimo la mbolea, chupa ya mise irudishe kabatini mbali na jua. Mwezi uliopita, siku ya mwisho kabla hajarudi ziwani, mume wangu aliamka mapema kuliko mimi. Nikasikia vyombo jikoni. Nilipotoka nikamkuta ameinama juu ya kapu, mto ameuweka pembeni, anachungulia maharage.